Mtafiti wa Baada ya Uzamivu

Vyuo vikuu hutangaza nafasi za watafiti wa baada ya uzamivu, na wasomi wetu wenye sifa zote huzipita wakidhani ni shahada nyingine. Mzazi wa Manyovu akisikia bintiye aliyekwisha kuitwa daktari anakwenda Morogoro au Ubelgiji “kwa baada ya uzamivu”, atauliza: “Mwanangu, masomo hayo hayaishi?” Ana haki ya kuuliza. Istilahi imetaja wakati, kazi haikuitaja.

Uzamivu unatokana na kuzama: mtu amezama katika jambo moja hadi akaibuka na jipya, akalitetea mbele ya watahini. Anayeendelea baada ya hapo halipi ada, hafanyi mtihani wala hatunukiwi shahada. Ni mwajiriwa wa mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja hadi mitatu, na mshahara wake hutoka kwenye fedha za mradi. Fedha zikiisha, kazi imekwisha. Utaratibu huu ulipata nguvu Marekani mwaka 1919, fedha za Wakfu wa Rockefeller zilipoanza kuwalipa wanafizikia na wanakemia vijana wafanye utafiti tu.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri kwenye mgomba. Ugonjwa wa mnyauko bakteria uliingia Tanzania kupitia Kagera miaka ya 2000. Ukikata shina la mgomba mgonjwa, ute wa manjano hujitokeza taratibu pale ulipokata. Mkulima hushauriwa avunje ua dume kwa kijiti chenye panda, maana kisu hubeba bakteria kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Aliyefanya uzamivu juu ya bakteria hao anaweza kuajiriwa miaka miwili katika maabara ya vinasaba. Mradi huohuo utamhitaji mtaalamu wa takwimu akadirie ugonjwa unaelekea wapi, na mtaalamu wa wadudu, kwa kuwa wadudu wanaotua kwenye maua nao huueneza. Ndiyo maana chuo kimoja hutangaza nafasi za fani nyingi kwa mpigo.

Kwetu, mhadhiri msaidizi akimaliza uzamivu hurudi kazini, akapandishwa kuwa mhadhiri na kukabidhiwa madarasa yaliyofurika. Katika ngazi hiyo ya vyeo hakuna kituo cha kutafiti tu. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu hiyo ndiyo miaka ambayo swali la utafiti bado linamchoma mtu.

Tangazo la Kiswahili lingeandika “ajira ya utafiti kwa wenye uzamivu”, binti angeelewa, na mzazi wake pia. Kisha anayeomba atazame ukomo wa miaka: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya haumpokei mwenye uzoefu wa utafiti unaozidi miaka 8 tangu apate uzamivu. Na barua za wadhamini aziombe mapema, kabla maprofesa hawajazama kwenye kusahihisha mitihani.