Ubusoka wa Bendi

Katika Rungwe ya zamani, nchi ya malafyale, chifu wa Wanyakyusa, iligawanywa kwa makusudi, baba angali hai. Wanawe wawili wakubwa walipofikia umri wa kutawala palifanyika ubusoka, yaani kutoka. Moto wa zamani ulizimwa nyumba kwa nyumba, moto mpya ukapekechwa na kugawiwa, nchi ikakatwa mapande mawili, na vijana waliokulia pamoja katika vijiji vyao vya rika wakapewa viongozi na ardhi yao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameyaeleza haya kwa kirefu. Mgawanyo huo haukuhesabiwa kuwa msiba, kwani ndiyo ilikuwa njia ya nchi kuongezeka. Naanzia huko kwa sababu historia ya bendi zetu za dansi husimuliwa siku zote kama kesi ya usaliti: fulani kamtoroka fulani, tajiri kaiba waimbaji, bendi imekufa. Mtu wa Kinyala, huko Rungwe, aliyesimuliwa ubusoka na babu yake ana haki ya kuuliza swali jingine. Je, ile haikuwa namna ya kuzaa?

Tuutazame mfano ulio wazi kuliko yote. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Muhidin Maalim Gurumo alikuwa mmoja wa sauti zake kuu. Chama kilipogeuzwa kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa Juwata Jazz. Mwaka 1978 Gurumo na mpiga gitaa Abel Bartazar walikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park Orchestra, iliyomilikiwa na kampuni ya usafiri na teksi ya TTTS. Msondo, mtindo wa Juwata, ukabaki nyuma na Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, ikazaliwa. Kampuni ilipolemewa, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndipo ikawa DDC Mlimani Park. Miaka miwili baadaye Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake, akawachota wanamuziki sita wa Mlimani Park, Gurumo na Bartazar wakiwamo, akaunda International Orchestra Safari Sound kwa mtindo wa Ndekule. Ukihesabu vizuri, ndani ya miaka saba mtu mmoja alikuwa amepita bendi tatu, na mbili alizoziacha hazikufa. Juwata ilimpata TX Moshi William. Sikinde iliendelea na Michael Enoch, ambaye zamani alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz na sasa akawa kiongozi na mpuliza saksafoni. Hassan Rehani Bitchuka na Shaaban Dede walikwenda na kurudi kati ya nyumba hizo mara nyingi kiasi kwamba kuwaita wa bendi moja ni kuwapunja.

Sababu ya nyumba hizo kusimama iko katika umiliki. Vyombo vilikuwa vya chama, vya kampuni au vya shirika. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na alipoondoka alitoka na koo lake na vidole vyake. Gitaa, spika, jina na mtindo vilibaki. Tena mtindo wenyewe haukuwa wa mtu: Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za jadi yaliyokuwapo kabla ya gitaa la umeme kufika pwani. Sikiliza wimbo wowote wa Mlimani Park wa miaka ile. Unaanza taratibu, waimbaji wawili watatu wakibeba kisa kwa sauti zilizopangwa, magitaa yakijibizana chini yao, besi ikitembea peke yake. Kisha tarumbeta na saksafoni zinakata, tumba zinabadilika, na sehemu ya kucheza inafunguka. Mwimbaji mpya alikuta nafasi yake imeshachongwa. Nyumbani kwetu, ambako Dar es Salaam ilikuwa sauti ndani ya redio ya betri na kituo kilikuwa kimoja tu, Radio Tanzania, msikilizaji alitambua kwamba mtu kahama pale tu sauti aliyoizoea ilipotangazwa kwa jina la bendi nyingine.

Linganisha na bendi za roki za Uingereza. Roger Waters alipojitoa Pink Floyd mwaka 1985 alitaka jina nalo lizikwe. Wenzake wakakataa, na mwaka uliofuata wakafikishana mahakamani. Pale bendi ni ubia wa marafiki, kwa hiyo urafiki ukiisha pana talaka na mgawo wa mali. Kwetu talaka haikuwapo, kwa kuwa ndoa yenyewe haikuwapo. Palikuwa na kazi.

Msomaji ataniuliza kuhusu Mbaraka Mwinshehe. Alipoihama Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, bendi mama, iliyokuwapo tangu 1944, haikurudia tena hadhi yake. Naye alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, Super Volcano nayo ikafifia. Nakubali, na naona mfano huu unanisaidia zaidi kuliko unavyonipinga. Morogoro Jazz ilikuwa imekwisha kuwa sauti na gitaa la mtu mmoja, na huwezi kuigawa nchi ambayo yote imo ndani ya malafyale mwenyewe.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba ninaupamba umaskini. Wanamuziki walihama kwa kuwa mshahara ulikuwa mdogo, wimbo uliochezwa redioni kila siku haukumlipa aliyeutunga, na tajiri mpya alikuja na ahadi. Ni kweli tupu. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya takriban nusu karne jukwaani, taifa zima lilisikia kwamba hakuwahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, aliyekuwa bado kijana, ndiye aliyempa moja. Desturi ile iliulinda muziki ikamtupa mwanamuziki, na anayeitetea bila kusema hivyo anadanganya. Lakini dhuluma ya mshahara ni kesi moja, na madai kwamba kuhama ndiko kulikoua bendi ni kesi nyingine. Hiyo ya pili haina ushahidi.

Kilichoziua kinafanana na kilichoukomesha ubusoka. Huko Rungwe mgawanyo ulihitaji ardhi ya kuwapa vijana. Watu walipoongezeka na migomba na kahawa ikashika mashamba ya kudumu, hapakuwa na pande la pili la kukata. Kwa bendi, ardhi ilikuwa vyombo na mwajiri. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa au yalidhoofika, na ngoma, magitaa na mishahara vikakosa mwenyewe. Mwanamuziki angeweza bado kuondoka, ila hapakuwa na nyumba mpya ya kwenda, na aliyebaki hakuwa na chombo cha kupiga. Juwata Jazz ilipita jina la OTTU Jazz na mwisho ikabaki Msondo Ngoma, inajitegemea. Sikinde nayo ilinusurika. Nyingine nyingi zilizokuwa na mwajiri wa umma zilizimika bila kugombana na mtu.

Kwetu Rungwe ushahidi wa mwisho haumo katika muziki, umo katika uwanja wa mpira. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu iliyokuwa imetoka kupanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Klabu kubwa zikaja kuchukua wachezaji, kama Kisima alivyowachukua waimbaji mwaka mmoja kabla. Tofauti ni kwamba Tukuyu hapakuwa na chama cha wafanyakazi wala shirika la jiji la kuajiri kikosi kingine kesho yake. Mwaka 1987 ubingwa ulikwenda Yanga, na hadi leo haujarudi Tukuyu.