Kwa Nini Tisa? Kanuni ya Shuleni na Swali la Pascal



Tangu shule ya msingi twaijua kanuni hii: ukitaka kujua kama namba yagawanyika kwa 9 bila baki, jumlisha tarakimu zake. Katika 63, sita na tatu ni 9; basi yagawanyika. Kanuni ni ya kale. Wanahisabati wa Kiarabu waliitumia kuhakiki hesabu zao karne nyingi zilizopita. Lakini wengi wetu tuliipokea kama amri, bila kuuliza: kwa nini 9, wala si 8 au 11?

Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623, aliuliza. Baba yake alisimamia kodi mjini Rouen, na mwaka 1642 kijana huyo, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alianza kuunda mashine ya kujumlishia ili ampunguzie mzazi wake kazi. Fedha ya Ufaransa ya wakati ule haikufuata makumi: denier 12 zilifanya sol moja, na sol 20 zilifanya livre moja. Hivyo mashine za kuhesabia fedha zilihitaji gurudumu la sehemu 12 na jingine la sehemu 20, kando ya yale ya kumi.

Mwaka 1654 Pascal aliandika risala fupi kwa Kilatini, iliyochapishwa mwaka 1665, miaka mitatu baada ya kifo chake. Humo alisema kwamba kuhesabu kwa makumi ni agizo la wanadamu, si sharti la maumbile. Kisha akatoa njia ya kupima ugawanyikaji inayofaa hata kwa mwenye kuhesabu kwa dazeni.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Kila kumi ni 9 na 1. Kila mia ni 99 na 1. Ukiondoa 9 zote, kila kumi na kila mia huacha 1. Ndiyo maana makumi sita ya 63 huacha 6, nazo pamoja na 3 ni 9.

Sasa tuhesabu kwa dazeni. 63 ni dazeni 5 na 3, nasi tutaiandika 53. Jumla ya tarakimu ni 8: ishara ya 9 imetoweka. Je, namba imebadilika? Hata kidogo. Mayai 63 wakigawiwa watu 9, kila mmoja bado atapata 7. Ila dazeni ni 11 na 1. Hivyo sasa 11 ndiyo yenye kanuni. Tazameni 55: ni dazeni 4 na 7, jumla 11, nayo yagawanyika kwa 11.

Basi tutenganishe mambo mawili. Kugawanyika kwa 9 ni sifa ya 63 yenyewe, na hakuna maandishi yawezayo kuiondoa. Kuonekana kwa sifa hiyo katika jumla ya tarakimu ni tunda la desturi yetu ya makumi. Anayeshika kanuni bila sababu yake huchanganya hayo mawili, na desturi ikibadilika hupotea njia. Anayejua sababu hujitungia kanuni mpya.

Kikundi chenu kijaribu: tukihesabu kwa saba saba, ni namba gani itakayoshika nafasi ya 9? Anzeni na 24, na kila mmoja aeleze sababu kabla ya kutaja jibu.