Ng'ombe wa Maskini: Methali na Historia ya Maziwa Kawangware

Mwalimu mwenzangu, ni methali chache zinazofunzwa kwa haraka kama hii: "Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume." Tunaiandika ubaoni, tunasema maana yake ni kwamba mtu duni hana bahati, kisha tunaendelea na inayofuata. Maana hiyo si kosa. Ila kwa mwanafunzi wa Kawangware, kule gari la nambari 46 linakogeuzia, nahofia inamfunza kwamba umaskini wa babu yake ulikuwa mkosi tu.

Hebu turejee nyuma kidogo. Hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, Kawangware haikuwa mtaa wa jiji. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, katika eneo la Wakikuyu la Kiambu, na wengi husema jina lake linatokana na ngware, yule ndege tunayemwita kwale. Ng'ombe waliofugwa huko walikuwa wa kienyeji, wenye nundu na maziwa haba. (Ndiyo maana "Ng'ombe haelemewi na nundu yake" humtatiza mwanafunzi wa leo: ng'ombe anaowajua ni wa gredi, nao hawana nundu.)

Ng'ombe wa maziwa mengi walikuwa kwa walowezi. Walowezi hao ndio walioanzisha shirika la KCC mwaka 1925, wakalishika soko. Mwafrika aliyetaka ng'ombe wa gredi aliwekewa vikwazo. Sababu iliyotajwa ilikuwa magonjwa, hasa ndigana. Iliyonyamaziwa ilikuwa ushindani. Mambo yalibadilika na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, lakini tazama wakati wenyewe: ni katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mashamba yaliunganishwa na kupimwa huku watu wengi wakiwa kizuizini. Aliyepata hati ya shamba alikuwa na mahali pa kupanda nyasi na kujenga zizi. Aliyekosa alibaki kibarua, au akaja mjini kupanga chumba. Je, huyo ni maskini wa bahati?

Sasa tuitazame nusu ya pili ya methali, ambayo naona ndiyo tamu zaidi. Kwa nini dume awe msiba? Kilomita chache kutoka Kawangware, huko Kabete, kuna kituo cha upandishaji mbegu kilichoanzishwa mwaka 1946. Hapo dume ndiye hazina, mbegu yake ikisambazwa nchi nzima. Methali haimdharau dume, basi; inapiga hesabu. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na takriban nusu ya ndama huwa madume. Mwenye ng'ombe kumi hapungukiwi na dume mmoja. Mwenye ng'ombe mmoja amepoteza mwaka mzima wa kungoja mtamba. Ndani ya sentensi fupi, watunzi wasiojulikana wameeleza tofauti ya tabaka kwa usahihi ambao riwaya nyingi hazijaufikia.

Historia iliyofuata ina panda shuka zake. Maziwa ya Nyayo yaliletwa shuleni mwaka 1979, na mtoto asiye na ng'ombe akanywa sawa na mwenye naye. Soko likafunguliwa mwaka 1992, KCC ikadorora, wakulima wakakaa bila malipo, hadi serikali ilipolichukua tena shirika mwaka 2003. Huduma ya mbegu nayo, iliyokuwa ikifidiwa na serikali, iliachiwa watu binafsi, na anayeshindwa kuilipia hurudi kwa dume la jirani.

Kwa hiyo, ukifika kwenye methali hii, usianze na "maana yake ni". Muulize mwanafunzi maziwa ya chai yake ya asubuhi yametoka wapi. Huenda akakwambia yametoka kwenye mashine, ile wanayoiita ATM ya maziwa: alitoa shilingi, akakinga chupa. Mwache aanzie hapo hapo, kisha aulize nyumbani nani katika ukoo wao aliwahi kuwa na ng'ombe, na ng'ombe huyo alikwenda wapi.