Trikinela katika Nyama ya Kusaga: Kutoka Hadubini hadi Vinasaba

Mwaka 1835 James Paget, wakati huo mwanafunzi wa udaktari mjini London, aliona vidoa vyeupe katika misuli ya maiti na kutambua kuwa ndani yake mlikuwa na minyoo wadogo waliojikunja, ambao mwanaanatomia Richard Owen aliwapa jina la Trichina spiralis, leo Trichinella spiralis. Kwa miaka 25 walidhaniwa hawana madhara, hadi mwaka 1860, daktari Friedrich Albert von Zenker alipowakuta tele katika mwili wa mtumishi wa kike huko Dresden na kuwaona pia katika nyama ya nguruwe aliyoila.

Hatari ilikuwa kubwa mno Ujerumani, ambako nyama ya nguruwe ya kusaga ililiwa mbichi, na kusaga kwenyewe kulimgawia kila mlaji sehemu ya mnyama mmoja mgonjwa. Katika kijiji cha Hedersleben, mwaka 1865, zaidi ya watu 300 waliugua na 101 wakafa, msiba ambao ungeweza kuepukwa, kwa maana chanzo chake kilikwisha kujulikana. Daktari Rudolf Virchow alidai ukaguzi wa lazima, na wakaguzi wakawa wanabana vipande vya misuli ya kiwambo, yaani utando unaotenga kifua na tumbo, kati ya vioo viwili na kuvitazama kwa hadubini. Baadaye nyama ikayeyushwa kwa asidi na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ili lava, yaani minyoo wachanga, wabaki chini ya chombo, na sampuli za nguruwe 100 ziweze kupimwa pamoja.

Lava wa spishi mbalimbali za trikinela wanafanana chini ya hadubini. Ni mbinu ya kurudufisha vinasaba, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, iliyowezesha maabara kuwatofautisha kwa urahisi, akiwemo Trichinella nelsoni, anayeishi katika simba na fisi wa Afrika Mashariki. Hata hivyo kipimo hicho hakiwezi kuonyesha kisichokuwemo katika sampuli, na katika nyama iliyokwisha kusagwa kiwambo, ambamo lava hujikusanya zaidi, hakitambuliki tena. Kwa hiyo vinasaba vinafaa kujibu ni mnyoo gani aliyepatikana, lakini kazi ya kumtafuta inapaswa kufanyika machinjioni, kabla nyama haijaingia mashineni.