Muziki wa Goku Tuliokua Nao Same, Kumbe Japani Hawaujui

Oya wanangu, leo naleta stori iliyonigombanisha na kaka yangu sikukuu nzima.

Nimekulia Same mjini. Nikiwa la nne kulikuwa na banda la video, kiingilio shilingi 100, mabenchi ya mbao, na lile joto la Same mnalijua. Jumamosi wanaweka Dragon Ball Z ya Kiingereza. Kiingereza hatujui, ila gitaa likianza kuunguruma tu, banda zima linajua Goku anapandisha mzuka. Muziki ndo ulikuwa mtafsiri wetu.

Sasa Desemba moja tumepanda milimani kwa bibi, Suji. Kwenye simu nina ile ya Kijapani. Kaka kaangalia dakika tano, akasema, "Dogo, hii feki. Gitaa liko wapi?" Nikaanza kuchimba.

Kumbe feki ilikuwa ya kwetu.

Dragon Ball Z ilianza Japani mwaka 1989 ikaisha 1996. Muziki wake aliutunga Shunsuke Kikuchi, yule yule wa wimbo wa Doraemon. Yeye ni mtu wa matarumbeta na fidla, mambo ya muvi za zamani. Na sehemu nyingi anaacha kimya kabisa, unasikia upepo tu kabla ya ngumi.

Wamarekani walipoichukua mwaka 1996, muziki huo wakautoa. Mwaka 1999 kampuni ya Funimation ya Texas ikaweka waigizaji wake wa sauti, na muziki mpya ukatungwa na Bruce Faulconer na timu yake: magitaa, vinanda vya umeme, biti haipumziki. Hao ndo tuliowasikia bandani. Baadaye DVD zikatoka zenye sauti za Kiingereza na muziki wa Kikuchi, uchague mwenyewe.

Na Japani nao yaliwakuta. Dragon Ball Kai ya 2009 ilikuwa na mtunzi mwingine. Mwaka 2011 ikabainika nyimbo zake kadhaa zimefanana mno na kazi za watu. Wakazitoa, wakarudisha za mzee Kikuchi.

Sisi wenyewe je? Muvi zilizotafsiriwa, enzi za Lufufu na wenzake, mtafsiri akiongea sauti ya muvi inashushwa. Si roho mbaya. Kwenye kanda, maneno na muziki vimeshachanganywa pamoja, huwezi kupunguza kimoja ukaacha kingine. Kwa hiyo mtunzi alizimwa bila mtu kukusudia. Kikuchi alitolewa kwa makusudi, hapo ndo panaponiuma. Mtu unafanya kazi, inazunguka dunia, halafu watoto wa Same wanakua wakimshangilia mwingine bila kujua kama ulikuwepo.

Kikuchi alifariki Aprili 2021, akiwa na miaka 89.

Nilimpigia kaka, nikamsimulia yote. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi mzee alionewa. Ila gitaa langu siliachi."

Na mimi siwezi kumlaumu. Utoto wetu ulikuwa wa kweli hata kama muziki ulibadilishwa. Ila sasa hivi nikirudia ile ya Kijapani, kile kimya nakielewa.

Wewe uko upande gani, gitaa au tarumbeta? Shusha hapo chini, matusi hapana.