Mpiga Chupa Hakuandikwa

Reli ya kutoka kusini ilivuka mpaka na kuingia Congo kupitia Sakania mwezi Desemba 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kwa miaka mingi baadaye, sehemu kubwa ya kilichoujenga mji ule ilipita Sakania: mashine za kuyeyushia shaba, makaa ya mawe ya Wankie, unga wa mahindi wa kulisha kambi, na watu. Walamba waliiona reli ikikata nchi yao. Wabemba na watu wa Nyasaland, Malawi ya leo, walishuka na mizigo yao kwenda kuandikishwa kazi katika kampuni ya migodi ya Union Minière. Hawakuja na mikono tu. Walikuja na kalimba na nyimbo za kwao, na kadiri miaka ilivyosogea wakaja na gitaa za bei nafuu zilizotengenezwa Afrika Kusini. Historia ya reli hii imeandikwa vizuri, na tunamjua Robert Williams aliyeifuata shaba, tunazijua kampuni, tunaijua miaka. Muziki uliosafiri katika mabehewa yale yale una majina machache mno. Nadai kwamba uchache huo haukutokana na ukosefu wa watunzi. Ulitokana na mazoea ya kuamini kwamba kazi iliyotungwa na wengi haina mwenyewe.

Tuanze na jina ambalo halikupotea. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika kutoka kituo chake Afrika Kusini, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, kijana mzaliwa wa Bunkeya aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulipewa tuzo na African Music Society, santuri zake zikauzwa na kampuni ya Gallo, na ndani ya miaka kumi akawa amerekodi nyimbo zaidi ya 100. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi akipiga gitaa kwa ajili ya matangazo ya dawa ya Aspro. Mwanazuoni David Rycroft alichapisha mwaka 1961 na 1962 uchambuzi wa upigaji wake, noti kwa noti, kazi ambayo wapiga gitaa wachache wa Afrika wa wakati ule walifanyiwa. Mwaka 1969 alisimama kwenye jukwaa la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990, baada ya ajali ya barabarani Zambia. Mtu huyu alistahili sifa zote alizopewa, na yeyote aliyesikia jinsi kidole gumba chake kinavyoshika besi huku cha shahada kikitembea na wimbo juu yake hatabisha.

Lakini upigaji huo wa gumba na kidole cha shahada haukuanza naye wala haukuishia kwake. Edouard Masengo aliupiga, akiimba na kundi la JECOKE, vijana wachekeshaji wa komini ya Kenya pale Elisabethville, kisha akaupeleka Nairobi alikotangaza Coca-Cola. Losta Abelo aliupiga. Ng'ambo ya mpaka wa Sakania, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, Stephen Tsotsi Kasumali aliimba Kibemba kwa gitaa lenye udugu wa karibu na hilo. Ustadi unapoonekana kwa watu wengi kiasi hicho, katika miaka ile ile, kando ya njia moja ya reli, busara inatuambia kwamba nyuma yao walikuwapo walimu. Kuna aliyewahi kuzoea kalimba, ambayo huchezwa kwa vidole gumba, akaona kwamba mazoea hayo yanaweza kuhamia kwenye nyuzi. Kuna aliyegundua kwamba besi inaweza kukaa palepale huku sauti ya juu ikicheza mbele na nyuma ya pigo. Haya ni mawazo, tena makubwa kama wazo la mhandisi aliyepima daraja. Walioyawaza walikuwa wachimba shaba, makarani na matarishi, na waliyatoa bure jioni, nje ya nyumba za kambi.

Yuko pia mpiga chupa. Katika santuri za gitaa za enzi hizo, kuanzia Katanga, jimbo lenye Elisabethville, hadi magharibi mwa nchi ya Kenya ambako George Mukabi na wenzake waliusuka mtindo wao wenyewe wa omutibo, husikika chupa ya soda ikigongwa au kukwaruzwa kwa kipande cha chuma. Msikilizaji wa haraka huiona kama pambo. Ukiiondoa, gitaa linapoteza mahali pa kukanyaga, maana chupa ndiyo inayoshika mstari wa wakati ambao kwingineko hushikwa na kengele au ubao wa ngoma. Nani alikuwa wa kwanza kuona kwamba chupa tupu ya kiwandani inaweza kufanya kazi ya kengele ya ukoo? Lebo ya santuri ilikuwa na nafasi ya jina la mwimbaji na jina la wimbo, basi. Mpiga chupa alikaa hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni ile ile, akacheza dakika tatu zile zile, akaondoka bila kuandikwa.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kiko Kamina, kaskazini mwa Lubumbashi kwa njia ya reli. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Congo mwaka 1953 na kuongoza shule kuu ya pale. Akaunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yenye wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15 wa shule. Tarehe 23 Machi 1958 kwaya hiyo iliimba kwa mara ya kwanza, katika misheni ya Kamina, misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwao: Missa Luba. Mwaka huo huo ikazunguka Ulaya na kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Santuri yake ilisikika duniani kote. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliitumia Sanctus yake katika filamu "If....", filamu iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969, na wimbo huo wa watoto wa Kamina ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Jina linalotajwa pamoja na misa hiyo, kwenye noti zilizochapishwa na katika vinywa vya wapenzi wa muziki, ni la Padri Haazen.

Hebu tuitazame misa yenyewe inavyoshuhudia. Kyrie yake inafuata kasala, sanaa ya Waluba ya kuimba majina na sifa za watu. Sanctus imesimama juu ya wimbo wa kuagana wa Kiluba. Hosanna ina mdundo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei inatokana na wimbo wa Bena Lulua. Padri aliyetoka Ubelgiji miaka mitano tu kabla hakuweza kuwa chanzo cha kasala, ambayo ni ufundi wa miaka mingi kwa mtu aliyezaliwa ndani yake. Na Agnus Dei inauliza swali gumu zaidi: Kamina iko nchi ya Waluba, sasa wimbo wa Bena Lulua, watu wa Kasai, ulifikaje pale? Jibu linaloelekea ni lile la Sakania. Kamina ilikuwa njia panda ya reli, na treni ya kwenda Luluabourg, mji wa Kasai, ilipita hapo. Yaelekea alikuwapo mwalimu, au mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeubeba wimbo huo kutoka Kasai, akaona kwamba maneno ya Kilatini ya kuomba amani yanaukaa, akauimba mbele ya wenzake. Huo ndio utunzi, na Haazen mwenyewe hakuuficha: alieleza kwamba kwaya ilibuni ikiimba, hakuna aliyeandika noti kabla. Lakini noti zilipochapishwa, uimbaji mmoja kati ya mingi uligandishwa karatasini, na karatasi ikadai jina. Wa kuandikwa walikuwa wapatao sitini. Kati yao, anayekumbukwa mara chache ni Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba peke yake sehemu zile zinazosisimua mwili.

Watakaopinga watasema kwamba tunalazimisha Afrika fikra ya kigeni, ile ya mtunzi mmoja mwenye hati, ilhali wimbo kwetu ni mali ya jamii. Hoja hii ina uzito, na waliojenga haki za kutunga juu ya mtu mmoja peke yake wamezidhulumu ngoma nyingi. Hata hivyo haizungumzii mila zetu zilivyo. Kasala yenyewe ni sanaa ya majina: mwimbaji wake hutaja mtu, baba yake, babu yake, matendo yao na sifa zao, na yeye mwenyewe anajulikana kijijini kama fundi. Wapiga gitaa wa Katanga walikuwa na desturi ya kujitaja ndani ya nyimbo zao. Ngomeni watu wanajua nani alianzisha na nani aliitikia, na aliyeanzisha vizuri husifiwa kwa jina siku inayofuata. Jamii zetu zilikuwa na wengi, na wengi hao walikuwa na majina. Aliyewageuza kuwa "kundi" ni karatasi ya kurekodi, na baadaye mwandishi aliyeinakili karatasi hiyo bila kuuliza.

Wengine watasema kwamba bila Tracey na Haazen tusingekuwa na chochote cha kujadili. Ni kweli, na shukrani ni haki yao. Tracey alisafiri kwenye barabara mbaya kurekodi muziki ambao wazungu wengi wa wakati wake waliuona kelele, na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 ndiyo inayotuwezesha leo kumsikia Mwenda akiwa kijana. Haazen aliwafundisha watoto kuimba kwa nidhamu, akachagua, akapanga, akawafikisha mbele ya dunia. Kazi ya kupanga ni kazi halisi nayo ina jina lake: mpangaji. Kumwita mpangaji mtunzi ni kuongeza kilo ambazo hazikuwemo kwenye mzani, na waliopunjwa ni wale waliokuwa na umri mdogo na mishahara midogo kuliko wote waliokuwapo.

Ipo hoja ya tatu, ya wale wanaouliza jina lina faida gani ikiwa fedha zilikwisha kuliwa. Historia ya Gallo ina jibu. Mwaka 1939, katika studio ya kampuni hiyo Johannesburg, Mzulu Solomon Linda na wenzake walirekodi "Mbube". Linda alilipwa shilingi 10 kwa haki zote za wimbo ambao baadaye Wamarekani waliufanya utajiri, na alikufa maskini mwaka 1962. Jina lake, basi, halikumkinga. Lakini lilibaki kwenye santuri, na kwa kulishika jina hilo mabinti zake walifungua kesi na mwaka 2006 wakafikia mapatano yaliyowapa malipo. Watoto wa mpiga chupa wa Elisabethville hawana mlango wa kubisha. Sheria ya haki za watunzi ya Congo ya mwaka 1986 haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna karatasi inayosema aliishi.

Lawama haiwezi kuishia kwa wageni. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu, na tukafurahi, kwa haki. Katika furaha hiyo, gitaa la Katanga lilitajwa kidogo sana, kana kwamba muziki wa nchi nzima ulizaliwa kando ya bwawa la Kinshasa. John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alikuja Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1979 kuwatafuta Mwenda, Masengo na Abelo nyumbani kwao na akatoa kitabu mwaka 1982. Ni aibu yetu kwamba ilibidi safari hiyo ifanywe na mtu wa mbali. Kazi inawezekana. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao kwa Kiswahili chao wenyewe, na ukaonyesha kwamba mzee wa kambi akiulizwa vizuri ana majina mengi kuliko jalada la ofisi. Wanamuziki wanahitaji kuulizwa vivyo hivyo: parokia kwa parokia, kituo kwa kituo, kuanzia Sakania.

Mtoto aliyekuwa na miaka 9 katika kwaya ya Kamina mwaka 1958 alizaliwa mwaka 1949. Aliye hai kati yao amepita miaka 75. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani kwake, awe Kamina, Likasi, Lubumbashi au Sakania, akae naye wiki hii, amuulize nani alianzisha, nani aliitikia, nani alishika ngoma na nani alileta wimbo kutoka Kasai, na ayaandike majina hayo kwa kalamu, na mwaka, na mahali.