Rangi ya Buluu na Njia ya Chakula

Leo katika somo letu la historia tutazungumza habari za kumeza.

Nadhani hakuna kati yetu asiyepata kupaliwa. Mtu anakunywa maji huku anacheka, mara yanaingia njia isiyo yake, naye anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Shingoni zimo njia mbili: ya mbele ni ya pumzi, ya nyuma ni ya chakula. Kila tumezapo, kongomeo hupanda juu, njia ya pumzi ikafungwa. Tonge likipita, hufunguka tena. Kitu kikikosea njia, kikohozi hukifukuza.

Sasa mfikirieni mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, akavunjika mfupa wa shingo. Pumzi inamshinda. Madaktari humtoboa tundu mbele ya shingo, chini ya kongomeo, wakatia bomba dogo la kupitisha hewa. Kazi hiyo si ngeni. Huko Ufaransa, katika karne ya 19, Daktari Trousseau aliwafanyia hivyo watoto wengi waliokabwa na dondakoo. Lakini shida ya siku zile ilikuwa pumzi; nani angeuliza habari za uji?

Mwaka 1871 Daktari Trendelenburg, Mjerumani, alieleza bomba lililozungushiwa kifuko cha kujazwa upepo. Alitaka damu isiteremke mapafuni wakati wa kupasua kinywani. Kifuko kilifaa sana, hata watu wakakitegemea kama kizibo cha chupa.

Basi mwaka 1973 Daktari Cameron na wenzake, wa Baltimore, Marekani, walitangaza jaribio jepesi ajabu. Wagonjwa 61 wenye bomba shingoni walitiwa rangi ya buluu ulimini. Kisha makohozi yalivutwa kutoka ndani ya bomba, yakatazamwa. Wagonjwa 69 katika kila 100 walitoa makohozi yenye buluu! Rangi ilikuwa imesafiri pamoja na mate, ikashuka kwenye njia ya pumzi.

Kwa nini? Hewa ikitoka kwa tundu la shingo, haipiti tena kooni, na koo hupungukiwa na uwezo wa kuhisi. Kikohozi nacho hulegea, maana upepo wake unatoroka bomani. Aliyeumia shingo ana mzigo zaidi: uvimbe, mishipa ya fahamu iliyoguswa, na kulazwa chali bila kugeuza kichwa. Tena wengine hawakohoi kabisa. Uji huteremka mapafuni kimya kimya, na ndugu walio kando ya kitanda hudhani amekula vizuri. Siku chache baadaye homa ya mapafu inaingia.

Mgonjwa huyo mara nyingi hana sauti. Mama yake amekuja na chupa ya uji, anaona midomo inasema "maji", na nesi anakataa. Nimepata kuona ugomvi wa namna hiyo wodini, na simlaumu mama. Nesi alisema "hapana" tu, wala hakueleza sababu.

Rangi yenyewe haikuwa hakimu wa mwisho. Mwaka 1995 ilitangazwa habari ya wagonjwa watano ambao rangi haikuonyesha kitu, hali vipimo vingine vya kumeza vilionyesha wazi kwamba wanapaliwa. Kwa hiyo, makohozi yakitoka meupe, hiyo peke yake si ruhusa ya kumpa mtu chakula.

Katika miaka ya 1980 kijana mmoja wa Marekani, David Muir, mwenye ugonjwa wa misuli na bomba shingoni, alitaka kusema. Akabuni kilango kidogo cha kuvalishwa bomba: hewa huingia kwa bomba, lakini kutoka hupitia kooni na kinywani. Lazima kifuko kitolewe upepo kwanza, la sivyo mgonjwa hana pa kutolea pumzi. Muir alitafuta sauti. Baadaye ilionekana kwamba hewa ikirudi kooni, wagonjwa wengine humeza vizuri zaidi pia.